Papa wa Kambale Anakufaka Kila Mwezi

Mwaka ule Congo ilikuwa na serikali tatu, moja Kinshasa, moja Goma, moja Beni, na benchi ya Hassan ilikuwa ya nne. Ulikuwa ubao wa libuyu, mti wa msituni, uliolazwa juu ya gearbox mbili za camion, malori yaliyokufa, kando ya parking ya magari ya Beni, hapa Butembo, ambapo ukungu wa asubuhi hauondoki mpaka nao umekunywa kahawa yake. Hassan alirithi birika kwa baba yake. Aliuza kahawa ya tangawizi katika vikombe vidogo, na mtu aliyemaliza kikombe bila kutoa maoni alihesabiwa mgonjwa. Wenye benchi walikuwa Melchior, aliyeitwa Consul kwa sababu aliwahi kukaa Kampala majuma matatu akarudi anajua sheria za dunia; Ézéchias, aliyeitwa Radio, maana hakuna habari iliyompita, hata ile isiyotokea; na Musafiri, dereva wa camion, aliyeitwa Kilométrage. Jumanne ile alikaa katikati yao mtu asiye wa benchi, Siméon, kichwa kimenyolewa chini ya kofia ya sufu. Jumamosi walikuwa wamemaliza matanga ya baba yake, mzee Kahongya, na kwa desturi ya Wanande watoto wote wa marehemu walipitishwa wembe. Siméon alikuwa akishona kanzu za mapadri kule Nairobi, katika karakana ya masista. Kibali chake cha kazi kilikuwa kinaisha Ijumaa. Mbele yao camion ya Musafiri ilikuwa inapakiwa mbao, na ikijaa tu ingeondoka kwenda Kasindi, mpakani.

— Sema tena pole-pole, Consul alisema. Sista alikuambia nini mu phonie?

Siméon akarudia. Alfajiri aliitwa parokiani, na katika mitambo ya redio iliyokuwa inakoroma kama mgonjwa, Sista Mariette, mkubwa wa karakana, alimweleza kwamba amekwenda mwenyewe kwenye ofisi ya wageni kuomba wamsubiri. Karani hakukataa. Alitaka kitu kidogo tu: karatasi ya kifo cha baba yake, yenye muhuri wa serikali ya nchi yake. Ijumaa ikipita bila karatasi, kibali kinafungwa, na cherehani yake anapewa mwingine. Na kwa cherehani ile walikuwa wanakula mama yake, wadogo zake, na watoto wa kaka yake aliyebaki katika vita.

— Karatasi niko nazo mbili, Siméon alisema. Moja padri aliandika. Ingine dada yangu Florentine, ule wa Bungulu, aliiomba ku bureau ya Beni. Iko na cachet, muhuri kabisa.

— Cachet ya nani? Radio akauliza.

— Ya bale ba Beni.

— Aa. Bon. Hiyo ni maua. Kule Nairobi habajue bale ba Beni. Banajua Kinshasa tu.

— Na Kinshasa iko ngambo ya vita, Musafiri alisema. Camion yangu haivukake front, ndeko.

Radio akavuta kahawa kwa sauti, kama mtu anayefungua kesi.

— Mambo rahisi. Piga cachet tatu, ya Kinshasa, ya Goma, ya Beni. Karani atachagua ile roho yake inapenda. Bazee balisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Weye unajua barrière ziko ngapi mu hii njia? Musafiri akamgeukia. Pa kila moja kuko kadogo, askari mutoto, na bunduki, anasomaka na vidole. Akiona cachet ya Goma, huyu iko espion, jasusi. Akiona ya Kinshasa, iko espion mukubwa. Hatafika hata Maboya, hapo karibu. Batamuzika pembeni ya papa yake.

— Basi aweke mbili mu soksi.

Wakacheka kidogo. Siméon hakucheka. Kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni tangu siku ya maziko: padri alipokuwa ananyunyiza maji ya baraka juu ya sanduku, yeye mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko, unahesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka Ijumaa. Bado hakuwa ameliungama. Alijiambia ataungama Nairobi, kisha akajua kwamba hata dhambi yake ilikuwa inangojea kibali.

— Aende kama réfugié, Consul akasema. Vita iko, si ya kubuni. Hata mutoto anaweza kushuhudia.

— Niliuliza, Siméon alijibu. Mukimbizi banamupeleka mu kambi. Anapewa hema. Kushona hapana.

— Donc ukikimbia kufa, unakula bure, mais ukiomba kazi, banakukatalia chakula.

— Ndiyo, njo vile.

— Hao batu babaya, Radio akasema. Si bazee balisema mugeni siku mbili, ya tatu umupatie jembe? Huyu alikwisha kujitafutia cherehani mwenyewe. Bamuache.

Hassan aliongeza makaa chini ya birika. Yeye husema mara chache.

— Kama muhuri ungekuwa wa Mungu, alisema, ningekupigia mimi. Mbele ya Mungu baba yako amefika bila karatasi.

— Amina, Siméon akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. Kisha akashusha sauti. Mais kuko ingine, sikuisema. Karani haamini kama papa alikufa.

— Namna gani?

— Alimuambia Sista: hawa batu ba Butembo tunabajua. Kila mwezi Kambale moja anakuja hapa kulia papa yake alikufa. Na kila mara ule papa iko na jina ingine. Mwezi wa pili aliitwa Vagheni, wa tatu Ésaïe, sasa anaitwa Kahongya. Huyu papa wa Kambale anakufaka kila mwezi.

Benchi ikaweka vikombe chini. Mtu wa mbali hawezi kuelewa, lakini hapa hata mtoto wa shule anaelewa. Mnande harithi jina la baba. Anapewa jina la zamu yake tumboni mwa mama, na mtoto wa kiume wa pili, kama Siméon, ni Kambale, kwa tajiri na kwa maskini. Ukipiga kelele “Kambale!” sokoni Butembo, soko zima linageuka.

— Mimi Kambale, Radio akasema taratibu. Papa yangu alikufa mwaka jana.

— Basi njo weye ulimuharibia, Musafiri akasema.

— Mimi sikuombaka ruhusa ya mutu.

— Mbona Sista hakumuelezea? Consul akauliza.

— Alielezea. Karani akamuuliza, donc muji muzima iko tumbo moja?

— Angejibu ndiyo. Bingeisha.

— Dawa iko, Radio akasema, na macho yakaanza kumng'aa, dalili mbaya. Tuandike na muzee pia Kambale. Kambale mutoto wa Kambale. Karani atalala vizuri.

— Muzee alikuwa Mumbere, wa kwanza kwao, Siméon akasema. Nikimuandika Kambale, nimezika mutu mwingine.

Consul akaomba kuona passeport. Siméon akaitoa, ya kijani, imefungwa katika mfuko wa plastiki pamoja na rozari. Juu yake palikuwa bado pameandikwa Zaïre. Consul akaishika kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

— Sasa sikilizeni mutu ametembea. Hii inchi ilikufa, si kweli? Passeport ya mufu inataka cachet ya mufu. Pale Beni kuko karani ya zamani alificha cachet ya Zaïre chini ya kitanda, miye najua nyumba. Donc tunaandika muzee alikufa mbele ya inchi kubadili jina. Mwaka wa makumi kenda na sita. Zaïre na Zaïre, binaitikana.

— Papa alikula Pasaka ya mwaka huu na mama, Siméon akasema.

— Ku meza, ndiyo. Ku karatasi hapana.

— Na mimi nilikuja kuzika nani juzi?

— Ni weye ulichelewa ku matanga. Mvumilivu hula mbivu.

— Mwache, Consul, Musafiri akasema. Akamwangalia Siméon muda mrefu. Ndugu, vua kofia.

— Ya nini?

— Vua tu.

Siméon akavua. Baridi ikakishika kichwa chake, kilichokuwa bado na mkwaruzo wa wembe juu ya sikio.

— Njo hiyo attestation yako, karatasi ya kifo, Musafiri akasema. Pale mbele ya karani, unavua. Hakuna cachet inashinda wembe. Nani anajinyoaka vile bila mufu?

— Nairobi bavijana banajinyoaka vile juu ya basichana, Siméon akajibu. Na mu foto ya passeport niko na nywele. Hata Kasindi batauliza huyu ni nani.

Akairudisha kofia. Wapakiaji walikuwa wamefika kwenye safu ya mwisho ya mbao, na mmoja alikuwa tayari anatafuta kamba. Labda ni kamba ile iliyomtia Radio haraka.

— Basi imebaki moja, akasema. Tumupeleke muzee mwenyewe. Mbao ziko, camion iko. Tunamufikisha mbele ya ule karani, tunafungua: huyu hapa, muulize jina. Maiti haulizwi sanda.

— Wapi, Consul akasema. Kuvusha mufu mpakani banaomba karatasi kuliko muzima. Batauliza kwanza, kama alikufa, attestation yake iko wapi?

— Tutasema iko njiani.

— Wabukire, sauti ikawaamkia nyuma yao.

Wote wakageuka. Mama Marie-Jeanne, mjane wa mzee Kahongya, alikuwa amesimama pale na kitambaa cheusi cha matanga, kichwa chake nacho kimenyolewa, mkononi ana ndizi na maharagwe vimefungwa katika majani kwa ajili ya safari ya mwanawe. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Musafiri akanyanyuka. Consul akanyanyuka. Radio akazamisha uso katika kikombe ambacho kilikuwa kitupu.

— Pole, mama, Hassan akasema. Ukae, upate kahawa.

— Wasingya, asante, baba. Nilisikia munamutaja bwana yangu.

— Ni mambo ya karatasi tu, mama, Consul akasema.

— Siméon, nipe hizo karatasi.

Akampa. Mama hakujua kusoma. Akazishika moja kila mkono, kama mtu anayelinganisha nyanya.

— Hii ni ya padri?

— Ndiyo, mama.

— Inasema nini?

— Inasema papa alikufa.

— Na hawaitaki.

— Hawaitaki.

— Hii ya Florentine?

— Inasema vile vile, mama.

— Nayo hawaitaki. Na ile banataka, inasema nini?

— Ile haiko, mama.

— Haiko.

Akazikunja zote mbili, akamrudishia. Kisha akamgeukia Melchior, kwa heshima, kama anavyogeukiwa mtu mwenye cheo.

— Consul, weye njo ulitembea. Nifasirie na mimi. Kwa ile serikali banaitaka, bwana yangu alikufa, ao hajakufa?

Consul aligeuza kikombe chake. Akamtazama Radio. Radio alitazama mbao.

— Sababu mimi nilinyolewa, mama akasema. Nataka kujua nilinyolewa juu ya nani.

Wapakiaji wakapiga bodi ya camion kwa viganja. Imejaa. Siméon akaweka karatasi zake zote mbili karibu na rozari, akapokea ndizi, akavua kofia ya sufu akamvisha mama yake, kwa maana kulikuwa na baridi. Alipanda juu ya mbao kichwa wazi. Musafiri akawasha mtambo bila kumuaga mtu, na barabara ya Beni ikawachukua na ukungu wake.

Mama aliangalia mpaka mlio ukaisha. Kisha akakaa pale alipokuwa amekaa mwanawe, katikati ya benchi, mikono juu ya magoti.

— Si neno, akasema. Nitangojea. Mukikumbuka, mutanijibu.

Hassan akainamisha birika juu ya kikombe safi. Likatoka tone moja na kipande cha tangawizi. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuondoka, wakabaki wote pale, bila kahawa.