Ufa wa Nyambizi, na Kapita Aliyeuziba

Ndugu zangu, nitaanza pale pabaya kabisa, maana nikianza mbali nitapata nafasi ya kujipamba. Jumapili ile ya maonyesho ya kazi za mikono, baada ya misa, nilisimama ndani ya ukumbi huu huu, mbele ya lile kabati la kioo mnaloliona nyuma yenu, nimeinua tezo ya kuchongea mbao juu ya kichwa. Ndani ya kabati ilikuwa kazi ya mikono yangu. Nilitaka niifanye kuni. Watoto walikimbilia chini ya meza. Mke wangu Veronika alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mpaka kiatu kimoja kikamtoka.

Mmezoea hapa mtu atoe ushuhuda bila kutaja jina la mwenzake. Bon. Mnisamehe. Mimi nitataja.

Mnanijua, Bernard seremala, mtu wa darasa la pili. Wakati wa vita nilikuwa mtia makaa ndani ya merikebu ya mizigo iliyotoka Matadi. Watu wa huku tulikuwa wawili, mimi na Yosefu wa Yanonge. Nyambizi, yaani ile merikebu ya vita inayotembea chini ya maji, ilitupiga mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimepanda juu kuchota maji ya kunywa. Yosefu alibaki chini mbele ya moto. Kati yake na mimi ilikuwa ngazi moja tu, ndugu zangu. Ngazi moja, na kikombe changu mkononi.

Tuliookoka tulipelekwa mji mmoja wa pwani. Siku chache baadaye ndege zikaipiga nyambizi, ikakimbilia mchanga wa mlango wa mto, ikafia pale. Walituambia ndiyo ile ile iliyotuua. Mimi niliamini; nilikuwa na haja ya kuamini. Maji yakipungua ilionekana yote, imevunjika mgongo nyuma ya mnara wake. Nilikwenda kuitazama kila siku. Nilitembea mchangani sambamba nayo nikihesabu hatua, na kila hatua kumi nikapiga fundo kwenye kamba. Mafundo tisa. Ule ufa ulikuwa fundo la sita. Nilirudi Kisangani na kamba hiyo, kitu kingine sikurudi nacho.

Lakini kila nikilala, nyambizi ilikuja. Ilikuja nzima. Ndipo nikasema, nitaichonga jinsi nilivyoiona imekufa, niiweke karibu na kitanda, nikiamka niione imekufa. Nilichukua gogo la kambala pale karakana ya mashua, nikalichonga kama baba zetu wanavyochonga mtumbwi, gogo moja bila kiungo. Kila hatua niliigeuza upana wa kidole changu. Kazi ilipokwisha, nililia kidogo, halafu nikaipiga kabari fundo la sita mpaka ikapasuka.

Kapita wetu, yaani msimamizi wa karakana, Anselme, alisimama juu yangu akicheka.

“Fundi, mutu anachonga mutumbwi muzima. Weye unachonga maiti?”

“Ndiyo, kapita. Ni maiti.”

“Alors, na nani atakuja kilio?”

Nikamweleza. Huo ndio ujinga wangu. Nikamweleza yote wakati wa chakula cha mchana, siku hii na ile: ngazi, kikombe, Yosefu, mchanga. Alikula samaki wake akisikiliza vizuri sana. Huyu mtu miaka yote ya vita alikuwa hapa hapa akigawa misumari, soksi zake kavu.

Kisha nikashikwa na ugonjwa wa mapafu, nikalala hospitali wiki nyingi. Nyambizi niliiacha karakana chini ya turubai. Nilipotoka, Veronika akaniambia kuna maonyesho, twende. Tukaja. Nikaiona ndani ya kioo, ndugu zangu. Ilikuwa nzima. Ufa umezibwa kwa gundi na unga wa mbao, juu yake rangi ya kijivu inang'aa, na namba nyeupe. Kando yake karatasi yenye jina la Anselme. Naye mwenyewe, na tai yake, anawaambia wageni, “Miye nilikuwa juu, nimetoka kuchota maji ya kunywa.” Tena akasema aliiona nyambizi mchangani kwa macho yake.

Alinichukulia kikombe changu! Wageni wakampigia makofi, wakampa baiskeli.

Ndipo nikachukua tezo kwenye meza ya maonyesho. Veronika akanishika.

“Bernard! Yule mama wa kweli mbele ya Sulemani alisema nini?”

“Alisema wasimukate.”

“Na weye?”

“Mutoto wake alikuwa muzima! Wa kwangu alizaliwa amekatwa!”

Kuna watu walicheka. Veronika hakucheka. Aliniambia polepole, mdomo kwenye sikio, “Ukiipiga sasa, itakuwa na makumi ya majeraha. Nani atajua tena lipi ni lile lake?”

Mkono ukashuka. Wivu haukushuka. Sitawadanganya. Niliacha kazi, nikawa mtu wa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Anselme alipita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi na baiskeli, na kengele yake, na watoto nyuma wakiimba “Papa Nyambizi! Papa Nyambizi!” Nilitaka jina hilo. Nilitaka kengele. Nilitaka hata zile soksi. Na nikilala, ile kitu ilikuja na rangi yake mpya.

Aliyeniokoa ni Papa Ramazani, fundi milango, Mwislamu, mnamfahamu. Alinikuta nimekaa kizingitini na chupa. Hakunihubiri. Alisema, “Njoo unipimie milango. Kengele itapita, weye uko unapima.” Basi. Kengele ikapita, mimi nikapima. Sasa ni miezi minane sijagusa lotoko. Ahsante, Papa Ramazani. Ahsante, mama Veronika, na kiatu kile nitakununulia kingine, kisigino hakikupona. Ahsante ninyi mlioleta pondu, mboga ya majani ya muhogo, nyumbani bila kuuliza.

Mtasema fundisho ni lipi. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa nyumba. Lakini kuna ufa ambao mtu ameutengeneza kwa machozi ili apate usingizi, na anayeuziba anamfufua muuaji. Mimi nimepona pombe. Wivu bado ninao, mnauona. Usingizi sina.

Donc, Anselme. Uko benchi ya tatu, usiinamie kofia. Kamba ya mafundo hii hapa mkononi mwangu. Kabati lile pale, na ufunguo waliokupa ulitunze uko kiunoni mwako. Ulisema mbele ya watu kwamba uliiona ile nyambizi mchangani. Waambie basi, ilikuwa nzima? Ukisema nzima, hukuiona. Ukisema imevunjika, waeleze nani aliziba.

Mama yake Yosefu amekuja leo kutoka Yanonge, amekaa pale mlangoni. Sitaki baiskeli. Simama, ufungue kioo, uweke kidole pale palipokuwa na ufa, umjibu yeye.