Bwana Chini, Fundi wa Matumbo ya Magari

Huyu tuliyekuja kumsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yake alikuwa mchoma matofali na mama yake mshona magunia. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Mama yake alizika watoto wawili wachanga baada yake, ndipo mwaka 1958 akapatikana mdogo wake, naye akabaki. Jina alilopewa na wazazi limeandikwa kwenye jalada la karatasi ya mazishi mliyonayo, lakini mjini hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Bwana Chini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulala chini ya magari, na mdogo wake wakamwita Bwana Juu, kwa sababu yeye alishika rangi. Watu hao wawili walitoka tumbo moja, na ni vizuri hilo lijulikane tangu mwanzo.

Utotoni alimbeba mdogo wake mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado ni mtoto. Mama yao alikuwa akisema, "Huyu mkubwa ukimpa mzigo hautui, hata umwambie tumefika." Maneno hayo yalikuja kuwa kweli kwa mema na kwa mabaya.

Shule alianza mwaka 1960, akamaliza darasa la saba 1966. Hesabu alizipenda, kusoma alisoma kwa kusukumwa. Mwalimu wake alisema mtoto huyu ana kichwa kizuri, ila ni kama mlango wa chuma, kikishafungwa hata mwenye ufunguo analala nje.

Mwaka 1969 alipokelewa katika gereji iliyokuwa karibu na reli. Alianza kwa kuosha vyuma, kisha akapewa brashi ya waya akakwangua kutu, kisha akashika bomba la kupulizia. Mwaka 1983 yeye na mdogo wake walifungua uwanja wao wenyewe wa kukinga magari kutu na kulinda rangi, barabara ya kwenda kiwanda cha nguo, mahali pale pale tunapopajua. Mwenye gari alipofika hakuulizwa kwanza anataka nini. Bwana Chini alimuuliza, "Gari linalala wapi? Linapita wapi? Lina miaka mingapi?" Kwa gari jipya linalopita barabara ya mawe alichagua mpira mweusi wa kupulizia, ule unaokauka mgumu, kokoto zikipiga zinaruka. Kwa gari la zamani lenye kutu alikataa kabisa mpira, hata mwenyewe akipiga magoti. Alipaka yale mafuta mazito yasiyokauka, yanayoingia kwenye nyufa, na akamwambia mtu arudi kila mwaka. "Ukipaka mpira juu ya kutu," alisema, "umemfungia mwizi ndani ya nyumba na chakula umemwachia." Matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango aliyapitisha waya moja moja yasizibe. Mafundi wengine waliyaziba, gari likawa linabeba maji kama mtungi.

Bwana Juu naye upande wa rangi alikuwa hodari, haifai kumnyima haki yake. Aliyependa kurudi mara kwa mara alimpakia nta. Ambaye gari lake linashinda juani alimpakia ile dawa ngumu inayokaa kama kioo miaka na miaka, lakini kwanza aliisafisha rangi mpaka ikawa haina hata mkwaruzo, maana dawa ile inafunika kila ilichokikuta, kizuri na kibaya.

Sehemu ya kati haikuwa na mwenyewe. Bampa, plastiki nyeusi za pembeni, mipira ya milango. Wa juu alisema si rangi, wa chini alisema si chuma. Basi mke wa Bwana Chini akazichukua. Alikataa mafuta ya kung'arisha, yale yanayometa leo na mvua ya kwanza yakatiririka mlangoni kama machozi ya wanja. Alichagua dawa inayopenya ndani ya plastiki na kukauka, akaisugua kwa kitambaa, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika juu ya sehemu ya kati. Hakuna hata mmoja.

Ndoa yao ilifungwa tarehe 6 Agosti 1977. Kabla ya hapo mkewe alikuwa anashona magodoro ng'ambo ya barabara, kuielekea ile gereji ya karibu na reli. Marehemu alivuka barabara siku moja akiwa ametoka tu chini ya lori, mweusi uso mzima, akaanza kutoa maneno yake ya mapenzi. Mkewe alimwambia, "Kanawe kwanza, nijue ninamkataa nani." Akaenda akanawa. Aliporudi hakukataliwa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, na hakuwahi kukubali kuwa amekosea, na mkewe pia vivyo hivyo, kwa hiyo nyumba ilikuwa na amani ya aina yake.

Sasa lazima lisemwe lile ambalo mjini kila mtu analijua. Mwaka 2004 mwalimu mkuu mmoja alileta gari lake jeupe. Binti yake alikuwa anaolewa, akataka lipakwe juu na chini, na alitaka upesi. Bwana Juu akatangulia na ile dawa ngumu. Haijakauka sawasawa, Bwana Chini akawasha bomba akaanza kupulizia mpira gari jingine lililokuwa hapo kando. Upepo ukageuka. Vitone vyeusi vikatua kwenye boneti nyeupe, vikaganda humo humo. Mwalimu mkuu alipofika alizunguka gari lile mara mbili, akasema, "Mimi nilileta gari. Mnanirudishia chui."

"Kwa nini hukungoja upepo utulie?" Bwana Juu akamuuliza kaka yake.

"Kwa nini wewe hukulifunika?"

"Anayepuliza ndiye anayefunika!"

"Mwenye rangi mbichi ndiye anayefunika!"

Wazee wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mke wa marehemu alichukua jembe, akalima, akapalilia, akavuna, akarudi, bado hawasemezani. Ukuta wa mabati ukapanda katikati ya uwanja. Marehemu akaacha kumwita mdogo wake kwa jina, akawa anamwita "jirani." Mteja aliyetaka chini na juu ilimbidi atoke lango hili aingie lango lile, na mkewe aliweka kigoda chake pale kwenye pengo la ukuta, kwa kuwa plastiki zilikuwa za pande zote mbili. Hapo ndipo alipogeuzwa kuwa njia ya maneno.

"Mwambie jirani gurudumu la nyuma bado lina maji."

"Amekusikia, yuko hapo."

"Mwambie tu."

Mwambie, mwambie, miaka yote hiyo. Mama yao alipofariki mwaka 2011 walisimama pande mbili za kaburi kama watu wasiojuana. Tangu siku ile mkewe alikuwa anaomba jambo moja tu, wala hakuomba mali: kwamba mmoja wao asije akazikwa kabla hawajasemezana. Alisema nao kwa upole, alisema nao kwa ukali. Alichoka.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019 kwa kikohozi. Marehemu alisema ni vumbi. Daktari alisema ni mapafu, na ni ya siku nyingi, kwa sababu kitambaa cha puani alikivaa pale alipokumbuka. Alifanya kazi kwa kupumzika, kisha akapumzika kwa kufanya kazi kidogo, na kufikia mwezi wa saba mwaka huu wa 2024 hakuweza tena kulala chini ya gari. Alilala kitandani, chumba cha mbele, dirisha likitazama uwanja.

Mwezi wa tisa mkunga wa zahanati alileta gari lake upande wa Bwana Juu. Lilikuwa gari la zamani, lina kutu, naye alilihitaji, kwa sababu watoto hawangoji. Tangu siku ya mwalimu mkuu pande zote mbili zilijua kwamba chini hutangulia na juu hufuata. Kwa hiyo Bwana Juu hakuweza kuanza. Akaja kwenye pengo la ukuta.

"Shemeji, mwambie jirani gari la mkunga lina kutu. Achague nipake nini."

Mkewe alikuwa anasugua bampa. Hakuinua kichwa. "Simwambii."

"Shemeji!"

"Miguu yangu imezeeka kwa maneno yenu. Mlango huo hapo, hauna mbwa."

Ndani sauti ikaita, "Nani huyo? Anasemaje?"

"Muulize mwenyewe!" mkewe akajibu. Akaendelea kusugua bampa lile lile, ingawa lilikuwa limeshakwisha.

Bwana Juu alisimama pale hata mkunga akachoka akaenda kukaa kivulini. Kisha akavua viatu, akaingia. Hakusalimu.

"Lina kutu," alisema.

Marehemu akajiinua kitandani. "Wapi?"

"Kwenye chesisi kule nyuma. Na chini ya mlango wa dereva."

"Ya juu juu au imekula?"

"Imekula kidogo."

"Umeidunga na bisibisi?"

"Haikutoboka."

"Basi mafuta, siyo mpira. Na ukwangue kwanza. Ukishaosha lishinde siku nzima likauke."

Bwana Juu akabaki amesimama. "Kaka," alisema, "mimi sijawahi kulala chini ya gari."

"Najua. Mgongo wako wa kitajiri."

Mkewe alisikia hayo yote kutoka dirishani, akajifunika mdomo kwa khanga.

Kesho yake gari lilipokauka marehemu aliomba atolewe nje na kiti. Akakaa, akaelekeza kwa kidole: hapo umeruka, hapo umejaza mno, usizibe tundu hilo. Bwana Juu alipotoka chini ya gari alikuwa na mafuta usoni mpaka kwenye nyusi. Marehemu alicheka, kikohozi kikamkamata, akacheka tena.

"Sasa umefanana na gari la mwalimu mkuu."

"Kwa sababu hukungoja upepo," akasema Bwana Juu.

"Kwa sababu hukufunika," akasema marehemu.

Hawakuombana msamaha, na mtu asije akasema waliombana. Lakini tangu siku hiyo Bwana Juu alikuja kila alasiri, anakaa ukingoni mwa kitanda, wanabishana juu ya nta na mpira na magari ya watu waliokwisha kufa. Mkewe alikaa jikoni, hana ujumbe wa kupeleka. Ukuta wa mabati bado umesimama. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuung'oa.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa tisa mchana, katika chumba hicho cha mbele, mkewe yupo na mdogo wake yupo.

Ameacha mjane mmoja, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba, na mdogo wake. Kamati ya mazishi ilipendekeza jina la mdogo wake lisomwe pamoja na majirani, ili kuepusha maneno. Mjane amekataa. Linasomwa hapa, pamoja na damu yake, na yeye atakaa benchi la mbele mkono wa kuume wa mjane, na asiyependa atazame pembeni.

Apumzike sasa. Amani aliyoipata hapa kwa kuchelewa, huko aendako aipewe mlangoni.