Breki za Gari la Mama na Bolti Niliyoikaza Mno

Assalaam alaykum, na kwa wenzangu wa salamu nyingine, hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumze kwa ufupi. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Basi nimefanya mpango: kule nyuma, karibu na birika la chai, ameketi mtu atakayenionyesha ishara nikizidisha maneno. Ishara yenyewe mtaielewa baadaye.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikiwa mdogo nilikuwa nikitawadha mpaka ndoo inaisha, kwa sababu sikuwa na hakika kama kiwiko kimelowa. Chuo kikuu nikasomea takwimu, elimu ya kupima uwezekano wa mambo kutokea. Ndugu zangu, nawaambia, mtu kama mimi msimpe somo hilo. Nilitoka na digrii na njia mpya za kuogopa.

Mama yangu ana ugonjwa wa figo. Kila wiki lazima afike hospitalini asafishwe damu kwa mashine, Jumatatu na Alhamisi, na akikosa, maji yanamjaa mwilini. Baba, Mungu amrehemu, alituachia gari dogo la kijivu, na nyumbani kwetu dereva ni mimi peke yangu. Mdogo wangu anajua tu kuwasha redio.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka hospitalini, tunashuka mteremko wa kuelekea mtaani kwetu, Lucky Summer. Nikakanyaga breki. Kanyagio likatetemeka chini ya mguu wangu, mbele kukatoka sauti ya chuma kusaga chuma, na gari likaendelea kwenda. Lilikuwa linapunguza mwendo, lakini kwa uvivu, kama mtu anayefikiria kama atasimama au la. Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa mitungi ya maji, na mwenyewe alikuwa ameipa barabara mgongo. Tulisimama bampa ikiwa imegusa mtungi wa mwisho. Maji yakamwagika kidogo. Yule mtu akageuka, akauangalia mtungi, akaiangalia bampa, akaniangalia mimi.

"Dada," akasema, "ungenifanya chapati."

Akacheka. Mama naye akacheka. Mimi sikuweza hata kuachia usukani.

Hapo ndipo nilipoanguka, ingawa nje hakuna aliyeona. Alhamisi iliyofuata niliketi kwenye kiti cha dereva, Mama kando yangu amevaa buibui lake, na mkono wenye ufunguo ukakataa kusogea. Nilikuwa namwona yule mtu wa mkokoteni, namwona mahali pa mtungi. Nikamwambia Mama gari limekataa kuwaka. Lingewakaje, na sijaingiza ufunguo? Tulipopata gari la kukodi na kufika, mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Tukarudi. Usiku huo miguu ya Mama ilivimba hadi kandambili zikamkataa, na alilala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi inakwama. Nilikuwa chumba cha pili, nasikiliza kila pumzi, naisubiri inayofuata.

Kwa hiyo mkiniuliza nilikuwa naogopa nini, nilikuwa na mambo mawili. Nikiendesha, nitamuua Mama barabarani. Nisipoendesha, nitamuua nyumbani.

Ijumaa hospitali ilitutafutia nafasi, akasafishwa, nasi tukaenda na kurudi kwa gari la kukodi. Mchana, bila Mama ndani, nikalikokota gari letu mwendo wa kobe hadi kwa fundi, Kariobangi. Akafungua, akanionyesha. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimeisha kabisa, kimebaki chuma kitupu, na zile diski ambazo pedi huzibana ili gari lisimame zilikuwa zimechimbika mifereji. "Badilisha vyote," akasema. Nilimwamini. Lakini pale pale simu yake ikalia, alikuwa anafunga tairi la gari la mtu mwingine, akaacha nati katikati na kwenda kuongea. Mimi nikasimama naitazama ile nati. Je, akirudi atakumbuka alipofika? Je, akipigiwa simu wakati anafunga letu?

Aliporudi nikamwambia afunge kama lilivyokuwa, nitakuja siku nyingine. Nikanunua pedi na diski mpya kwa jirani yake, nikaenda nyumbani. Niliamua nitafanya mwenyewe. Nilidhani nisipomwamini mtu mwingine, nitajiamini mimi. Mnaona nilivyokuwa mbali?

Jumamosi nikashuka uwanjani kwa ploti, jengo letu la kupanga, kati ya kamba za nguo, nimevaa dera kuukuu na suruali ndani yake. Nilikuwa nimeangalia video hadi macho yanawasha. Jirani wa chini akaniazima jeki, vigingi vya kushikilia gari, na spana zake.

"Msomi," akasema, "ukimaliza breki zako, uje ufanye na zangu."

"Zako zina nini?"

"Zangu hazina hata gari. Anza na gari."

Mdogo wangu alikuwa juu kwenye roshani. "Sistee! Hiyo gari imekukosea nini?"

Lakini nilifanya. Nililegeza nati tairi likiwa bado chini, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikainua, nikaweka vigingi, nikatoa tairi. Nikafungua bolti za kile chuma kinachobana pedi, mafundi wanakiita kalipa, nikakining'iniza kwa waya ili mpira wa mafuta ya breki usibebe uzito wake. Diski kuukuu ilikuwa imeganda kwa kutu, nikaigonga kwa nyundo mpaka watoto wakaja kutazama. Diski mpya huja imepakwa mafuta isishike kutu, na mafuta hayo yakibaki breki hazishiki. Niliifuta kwa petroli mpaka kitambaa kikawa hakina la kusema, kisha nikaifuta tena. Nikaweka pedi, nikarudisha kalipa, nikakaza. Upande wa pili vile vile.

Halafu nikaingia garini, nikakanyaga breki, na mguu ukazama hadi sakafuni.

Wallahi nilidhani moyo umezama nao. Kumbe ndivyo inavyokuwa, video ilikuwa imesema: pedi zikiwa mpya lazima ukanyage mara kadhaa kabla gari halijasogea, mpaka kanyagio liwe gumu. Nikakanyaga, likawa gumu. Nikalisogeza gari mbele kidogo, nikafunga breki. Likasimama pale pale. Jirani akapiga makofi. Kazi ilikuwa imekwisha, ndugu zangu. Na mtu mwingine angepanda ngazi, aoge, ale.

Mimi nilipanda, nikaoga, na nikiwa na tonge mkononi sauti ikaniuliza: ile bolti ya chini, upande wa Mama, una hakika uliikaza?

Nikashuka. Jeki, tairi, spana. Ilikuwa imekazwa. Lakini utajuaje kama imekazwa bila kuisukuma? Nikaisukuma kidogo. Ikasogea kidogo. Nikasema, ahaa, kumbe haikuwa imekaza vizuri! Nikafunga tairi, nikapanda. Jumapili asubuhi nikashuka tena, nikaisukuma, ikasogea kidogo. Baada ya adhuhuri tena. Mdogo wangu akauliza kama gari linanyonya, maana naliendea kama mama wa mtoto mchanga. Mara ya mwisho mkono wangu haukuweza kuisogeza, na hilo nalo likanitisha, labda nimechoka tu. Nikamwomba jirani kipande cha bomba, nikakichomeka kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu, kama wafanyavyo mafundi wa jua kali kwa bolti iliyoganda. Nikaegemea.

Kak!

Kama mfupa wa kuku. Kichwa cha bolti kikaanguka kwenye saruji, kikabingirika, kikalala.

Nilikaa chini. Sijui nilikaa muda gani, najua nguo za watu zilikuwa zinanipiga usoni kwa upepo na sikuziondoa. Kesho ni Jumatatu. Mama lazima afike. Na breki iliyokuwa nzima nimeivunja kwa mkono wangu. Nilianza kulia, na si kulia kwa adabu.

Mdogo wangu akamwita Mama. Akashuka ngazi zote zile kwa miguu yake ile, polepole, akishika ukuta. Jirani akamletea kigoda. Akaketi, akakiokota kile kichwa cha bolti, akakigeuza.

"Hii ilikuwa imelegea?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Kwa nini ukaikaza?"

"Nihakikishe haijalegea."

Akabana midomo. Mama alikuwa mshonaji, amewashonea sare nusu ya watoto wa mtaa wetu, na ana namna ya kuibana kama ana pini mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "unakumbuka ulivyokuwa ukitawadha? Mtu huosha mara tatu, akaenda kusali. Akirudi kuosha tena na tena, haoshi uso huyo. Anaosha wasiwasi, na wasiwasi hautakati kwa maji. Leo unaukaza kwa spana."

"Mama, naogopa nitakuua."

Nililisema hivyo hivyo, mbele ya jirani na watoto na kamba za nguo. Sijawahi kulisema kwa mtu.

"Najua," akasema. "Tangu siku ya mtungi najua. Gari halikukataa kuwaka, sikuuona ufunguo ukiingia." Akanipangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Mimi sijui breki. Najua kushona. Ukishona kifungo, unapitisha uzi, unafunga fundo, unakata. Mshonaji asiyekata uzi, anayerudi kuvuta kila mara aone kama fundo limeshika, hukichomoa kifungo mwenyewe. Kwa hiyo utafunga, halafu utakata."

"Nitakataje bolti?"

Akafikiria. Kitambaa alichokwisha kukipima alikuwa akikitia alama ya chaki. Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe, lete rangi yako ya kucha."

"Mum! Ile nyekundu? Ni mpya!"

"Lete. Halafu ukimbie Kariobangi utafute bolti kama hii."

Jirani alitoa kile chuma ambacho kalipa hufungwa juu yake, kikiwa na mabaki ya bolti ndani, mdogo wangu akaenda nacho akilalamika, akarudi na kingine kipya na bolti yake. Nikasema bismillahi. Nikakaza kwa spana bila bomba, mpaka ikashika, na kidogo tu zaidi. Mama akauliza, "Imeshika?" Nikataka kusema "nadhani." Nikasema, "Imeshika." Akanipa ile chupa. Nikachora mstari mwekundu kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kinachoishikilia, kwa zote, pande zote mbili. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika, na jicho litaona.

Tulipokwisha kurudisha matairi, Mama akasema, "Sasa nipe spana."

Nikampa. Akaifunga kwenye mtandio, akapanda nayo juu, na nasikia alilala nayo chini ya mto.

Nisiwadanganye kwamba Jumatatu niliamka shujaa. Nilikata usukani hadi mwisho, nikachungulia nyuma ya tairi, nikaona mstari mzima. Nikakanyaga kanyagio, likawa gumu. Tukaondoka. Tulipofika kwenye ule mteremko nilianza kufunga breki mbali mno, watu nyuma wakanipigia honi na kunitaja kwa majina ambayo hapa siyasemi. Gari likashuka taratibu, bila sauti, likasimama nilipotaka lisimame. Nikamwona Mama midomo inacheza, anavuta tasbihi.

"Unanisomea dua?" nikauliza.

"Wewe? Una breki mpya wewe. Namwombea yule wa mkokoteni, asikuone."

Tulifika. Mashine ilikuwa inamsubiri. Alipoingizwa sindano nilitoka nje, nikaketi ukutani, na nikagundua kwamba kwa muda kidogo nilikuwa siwazi lolote. Hilo nalo lilinitisha, bila shaka, lakini kidogo.

Nitoe shukrani zangu. Jirani aliyeniazima jeki na bomba. Bomba nimemwambia asinipe tena hata nikilia. Mdogo wangu, aliyetoa rangi ya kucha na mpaka leo anaidai. Nyinyi wa kikundi hiki, wenzangu wa wasiwasi, mlionifundisha kuisikia ile sauti bila kuitii, kwa sababu hata baada ya breki ilihamia kwenye gesi, kwenye kufuli, kwenye barua za kazi. Na Mama, aliyepanda gari lililotengenezwa na mtu anayelia.

Somo langu si kwamba woga umeisha. Leo asubuhi nimechungulia nyuma ya tairi. Nimeangalia kwa macho, mikono yangu ikiwa nyuma ya mgongo. Nililojifunza ni kwamba kukagua kuna mwisho, na ukiupita huo mwisho unabomoa ulichojenga kwa mkono wako. Fanya kazi yako vizuri, weka alama, simama. Ukirudi, rudi kwa jicho. Nami ningependa pia kuwaeleza kuhusu ile siku nilipo...

Naam. Mnamwona kule nyuma, karibu na birika? Amenyanyua vidole viwili, anavifunga na kuvifungua kama mkasi.

Sawa, Mama. Nakata.