Zimebaki Tatu Tu

Ndani ya basi la Mugumu, kijana aliyeketi mbele yangu alikuwa anarekebisha kwenye simu tovuti ya duka la mashine za kutafutia dhahabu. Mama wa kando yake, asiyemjua, akaichungulia bila kujificha. Nami nikawachungulia wote wawili.

"Mwanangu, hapo umeandika zimebaki tatu. Ni kweli?"

"Shikamoo mama," akasema kijana, nadhani apate muda wa kufikiri. "Dukani zimejaa. Lakini mtu akiona zinaisha, anaamua haraka."

"Na huyu mchimbaji wa Nyanungu anayecheka kwenye picha?" "Huyo ni mjomba wangu. Anafuga mbuzi."

Mama hakukasirika, alitaka kujua tu. "Na maneno haya yanamwingia kila mtu?" "Wengi, mama." "Yamemwingia mume wangu. Sasa hivi yuko mnadani Kisaka na ng'ombe wetu wa kulimia, anawauza anunue hiyo mashine. Niandikie meseji ya kumzuia." Akampa simu yake.

Kijana akaandika, akafuta, akaandika tena. Nikanyoosha shingo, nikasoma: "Ng'ombe wa kulimia wamebaki wawili tu."

"Hii angalau ni kweli," mama akasema. Basi liliposimama Kisaka, karibu na mnada, alikuwa bado hajaituma.