Mrudishe Felista Kitandani

Ndugu zangu, amani ya Mungu iwe nanyi, na poleni na mvua iliyowakuta njiani. Naona wengine mmeingia na matope yote ya Ntinda kwenye viatu. Kaeni hivyo hivyo, ukumbi utafagiliwa.

Mwenyekiti wetu ameniomba niseme juu ya matatizo yanayotusumbua sisi tunaoandika hadithi. Anasema vijana wanalalamika: watu wa hadithi zao hawapumui, mazungumzo yamekauka, mwisho unakataa kuja. Akaniambia, "Mzee, wape dawa." Dawa ninayo, lakini sikuipata darasani. Niliipata nyumbani kwangu Makindye, kando ya kitanda cha mke wangu. Kwa hiyo leo sifundishi, natoa ushuhuda. Na nikinyamaza katikati, tafadhali msinipigie makofi ya kunitia moyo. Ningojeni tu.

Wengi mnanijua kwa kile kiduka changu cha Wandegeya ninapowachapia wanafunzi kazi zao. Mimi na mke wangu tulivuka mpaka kutoka Kenya kuja hapa Kampala tukiwa vijana, tukazaa hapa, tukazeekea hapa. Wateja wakipungua dukani, mimi huandika. Nimeandika hadithi, nimeandika na michezo ya kanisani, na baadhi yenu mlicheza humo. Mnakumbuka ilivyokuwa. Mlevi anatubu. Mwizi anarudisha mbuzi. Mgonjwa anainuka kitandani kabla sadaka haijakusanywa. Watu walipiga vigelegele, nami nikadhani hiyo ndiyo kazi ya mwandishi: kuwaokoa watu wake wote.

Msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa mke wangu. Jioni aliweka ungo mapajani, akachambua maharagwe, nami nikasoma. Kusifu hakujua. Kwa hiyo nilijifunza kuangalia mikono yake. Ikiendelea kutembea kwenye maharagwe, hadithi imekufa, hata kama maneno ni mazuri. Ikisimama, kidole kimeshika kijiwe na hakikitupi, basi nimempata. Nawaambia ukweli, sijapata kipimo kingine cha hadithi mpaka leo.

Siku moja aliniuliza, "Huyu mama yako hajapika tangu hadithi ianze. Watoto wake wanakula nini?"

"Hii si hadithi ya chakula."

"Kwani wana matumbo ya karatasi?"

Siku nyingine: "Mwandishi, huyu mtoto wa darasa la pili anasema 'hakika'. Umemsikia mtoto gani hapa Makindye akisema 'hakika'?"

"Amelelewa vizuri."

"Amelelewa na wewe. Askari anaongea kama wewe, mwenye duka anaongea kama wewe, hata yule mlevi. Nyumba nzima ni wewe tu, unabadilisha kofia."

Cheka, kijana, cheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda kurekebisha. Kama hadithi yako haipumui, anza hapo: waulize watu wako wamekula nini, halafu uwanyang'anye sauti yako uwaachie zao. Hayo nawapa bure. Yaliyofuata niliyalipia.

Mke wangu akaanza kuumwa tumbo. Tulidhani ni vidonda, tukanywa dawa za vidonda. Mwisho daktari akatuketisha, akasema kwa upole kwamba dawa atakazotoa kuanzia sasa ni za kupunguza maumivu. Tulirudi nyumbani kila mmoja akiangalia dirisha lake.

Ndugu wa kanisa wakaja. Mungu awabariki, walikuja na uji, walikuja na sabuni, walikuja na nyimbo. Kila mmoja aliyeinama kitandani alisema, "Mama, utapona." Na aliyeitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mimi. Sisemi kuomba uponyaji ni kosa. Mimi mwenyewe nimeombewa nikapona, na leo nasimama mbele yenu. Lakini sikilizeni jambo lililotokea mle chumbani. Mke wangu alikuwa akianza sentensi, "Baba, kama mimi nikienda..." nami namkata: "Usiseme hivyo. Tunaamini." Akianza na binti zetu, wanamkata. Mwishowe akaacha kuanza.

Wakati huo nilikuwa naandika hadithi ya mama mmoja mgonjwa, nimempa jina Felista. Nilidhani nampa mke wangu moyo. Kila nilipotoka dukani nilikuja na karatasi chache nilizochapa, nikakaa kando ya kitanda, nikasoma.

"Felista anaumwa wapi?" aliuliza.

"Tumbo."

"Na mbona anatabasamu kila mahali?"

"Ana imani."

"Huyo anafurahisha wageni," alisema. "Wageni wakiondoka anafanyaje?"

Jibu nilikwenda kuliandika. Niliandika Felista akiuma shuka wageni walipoondoka. Nilipomsomea, ungo haukuwepo mapajani, nguvu za kuchambua zilikuwa zimekwisha. Vidole vyake vilikuwa na kazi moja tu, kuvuta uzi kwenye blanketi. Vikasimama. Akasema, "Endelea." Tangu siku hiyo aliingojea hadithi. Binti yetu aliniambia, "Baba, mama anauliza saa ya wewe kurudi." Nami nikajivuna, nikasema kumbe hadithi inamponya.

Basi nikaandika mwisho. Mnaujua tayari, si ndiyo? Felista anaamka Jumapili asubuhi, maumivu hayapo. Anavaa gauni la kitenge, anatembea mwenyewe hadi kanisani, watu wanalia kwa furaha, anacheza mbele ya madhabahu. Niliusoma kwa sauti yangu ya mahubiri. Nilipomaliza nikamtazama. Vidole vilikuwa vimeendelea kuvuta uzi muda wote.

Akageukia ukutani. Akasema, "Umenifukuza."

"Nimekufukuza wapi?"

"Kwenye hadithi. Nilikuwa humo na Felista, tuko wawili. Sasa yeye ameenda kanisani kucheza. Mimi nimebaki hapa peke yangu."

Ningojeni kidogo.

Nilikasirika, ndugu zangu. Sikumkasirikia yeye, sijui nilimkasirikia nani. Nikatoka nikasimama barazani. Jirani yetu, Hajjat mmoja Mnubi ambaye tumeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote, alikuwa akija na chupa ya chai kama kawaida yake. Uso wangu ulimwambia.

"Mzee, bambi, maskini wee, umefukuzwa?" alitania.

"Kumbe leo kila mtu anafukuzwa," nikasema, nikamweleza habari ya Felista.

Akaweka chupa chini. Akasema polepole, "Mzee, usinichukie. Mama ananiuliza mimi mambo. Ananiuliza sisi Waislamu tunamwosha maiti vipi, nani anaosha, sanda inakatwa vipi. Nilimwambia, wewe Mkristo, ya nini? Akasema, 'Hajjat, nataka tu kuongea na mtu asiyenikata.' Nyumba imejaa watu, Mzee, na yeye anamngoja mama wa jirani."

Aliingia na chai yake. Mimi nilibaki barazani na zile karatasi mkononi, Felista akicheza humo, nikaona nilichofanya. Hadithi ilikuwa mlango pekee aliobakiwa nao mke wangu kuingia kwenye jambo lake, na mimi nilikuwa nimeufunga kwa vigelegele.

Nilipoingia, Hajjat alikuwa anamshikia kikombe. Nikasema, "Mama, tumrudishe Felista kitandani?"

Akasukuma kikombe pembeni. Kisha akacheka, kicheko chake kile cha zamani, mpaka akashika tumbo kwa maumivu. "Mrudishe. Lakini taratibu, asianguke."

Tukaanza upya. Mnaposhindwa kusonga mbele katika hadithi, wakubwa wa kazi hii watawaambia mwulize mhusika wako anataka nini. Ni kweli. Lakini ulizeni mkiwa tayari kusikia. Mimi niliuliza, "Felista anataka nini?" nikidhani atasema maji, atasema wimbo fulani.

Akasema, "Anataka kuzikwa hapa Kampala. Pale alipomzika kichanga wake. Hataki kuvushwa mpaka."

Mtoto wetu wa kwanza hakuishi. Analala kwenye makaburi ya kanisa, upande wa ua. Na kwetu, mke huzikwa kwenye boma la mumewe. Nafasi yangu nyumbani ninaijua, ipo karibu na baba yangu, na baba nilimwahidi kwa kinywa changu kwamba nitarudi kulala hapo. Mke wangu alijua haya yote. Ndiyo maana alimtuma Felista.

Nikauliza, "Na mume wa Felista anajibu nini?"

"Sijui. Andika wewe. Wewe ndiye mume."

Nilikwenda nikaandika. Niliandika hotuba ndefu, ndugu zangu. Mume wa Felista alieleza mila, akaeleza ukoo, akamkumbusha ufufuo, akasema udongo wote ni wa Bwana. Nikamsomea. Vidole vilivuta uzi.

"Fupisha," alisema. "Mtu akiulizwa hivyo na mke wake, maneno mengi ni kukimbia."

Nikakata. Nikamsomea tena. "Bado anakimbia." Nikaondoa mila, nikaondoa ukoo. Mwisho nikaondoa hata mahubiri, na mnajua hayo yalinitoka kwa shida. Yakabaki maneno machache. Sikuyasoma kwenye karatasi. Nilimshika mkono nikayasema: "Nimesikia. Na mimi nitalala hapo."

Vidole vikasimama.

"Hapo sasa," alisema. "Huyo mume ni mtu."

Tangu hapo tulizungumza yote. Gauni lipi, wimbo upi, nani asipewe kipaza sauti kwa sababu huwa hashuki. Alicheka. Binti zetu wakaingia nao kwenye hadithi, kila mmoja na sentensi yake, na hakuna aliyemkata tena. Alilala usingizi wa mwisho asubuhi moja, sisi sote tukiwepo, Hajjat akiwa ameshika miguu yake.

Kaka yangu alipiga simu kutoka nyumbani. "Gari linakuja lini? Watu wameanza kukusanyika."

"Haliji. Mama atalala hapa."

"Unamwacha shemeji yetu ugenini?"

"Si ugenini. Mtoto wake yupo."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Alikata simu. Lakini alisafiri, akaja. Alisimama mbali na kaburi, kofia mkononi, hakunisalimu. Wakati wa udongo alisogea, akatupa wake. Nashukuru kwa hilo. Mpaka leo hatuongei kama zamani, na hilo nalo ninalibeba, sitawadanganya kwamba limepona.

Kisha nikaanguka moyo. Kanisani nilikuja, nikakaa, nikaondoka. Ungo ulining'inia kwenye msumari wake jikoni na sikuweza kuutazama. Hadithi ya Felista ilikosa mwisho. Mke wangu alikuwa ameniagiza: "Usimalizie kaburini, kaburi watu wote wanalijua. Malizia siku mume anapojipikia." Agizo dogo tu, na sikuliweza.

Mmoja wenu, simtaji, alikuja dukani na hadithi yake nimchapie. Alinisomea kutoka kwenye simu yake nami nachapa. Mwishoni mgonjwa wake alipona. Akaniuliza, "Mzee, iko vipi?" Nikamwambia, "Kijana, vidole vyangu havikusimama." Hakuelewa, ikabidi nimweleze, na nilipomweleza nikalia mbele ya wateja. Hakuniambia niwe na nguvu. Aliuliza tu, "Na Felista iliishaje?"

"Haijaisha."

"Basi, Mzee, tutakuja kuisikia."

Mkaja. Mlikuja nyumbani Makindye na maharagwe, maana yule kijana alikuwa amewaambia habari ya ungo. Mlikaa jikoni kwangu mkanyamaza vizuri. Na nikiwa nimeushika ule ungo, nachambua vibaya kwa macho haya ya uzee, mwisho ulikuja. Mume wa Felista anachambua maharagwe yake, anapika, anaketi kula peke yake, na tonge la kwanza anauma jiwe. Anasikia kabisa vile mkewe angemcheka. Anacheka. Halafu analia. Halafu anamaliza sahani.

Namshukuru Mungu ambaye hakunipa uponyaji niliouomba, na akanipa mke wangu hadi siku ya mwisho, nikimsikia. Namshukuru Hajjat, ambaye bado anakuja na chai yake. Nawashukuru binti zangu. Nawashukuru ninyi mliokuja bila maneno.

Na kwa kuwa mliomba dawa, nayo ni hii: usimwokoe mtu wa hadithi yako kabla hujamsikiliza. Labda ataokoka, Mungu anaweza. Lakini kuna mtu kitandani mahali fulani anayeisikiliza hadithi hiyo, na ukimtoa humo mapema atabaki peke yake.

Nimekuja na ungo leo. Uko hapa chini ya kiti, na maharagwe yake. Nitaketi. Mwenye hadithi aje mbele asome, asiharakishe. Asinitazame usoni, uso wa mzee hudanganya kwa adabu. Aangalie mikono.