Bi Hester na Mlango Ambao Mfalme Hapiti

Na mimi bado nashikilia, hata baada ya ule ubishi wetu sisi mabawabu jana wakati wa chai, kwamba mlango utajua Bi Hester hayupo. Miaka thelathini na moja si mchezo. Tarehe nne Aprili, Bi Hester Penhale anastaafu ubawabu wa ukumbi wa wabunge, na anayemrithi mlangoni ni mimi.

Alikuja London akiwa msichana wa Cornwall mwenye lafudhi iliyowachekesha mabawabu wenzake. Haukupita muda akapewa kazi ambayo nchi nzima huitazama: mjumbe wa Mfalme anapokuja na fimbo yake nyeusi kuwaita wabunge wakamsikilize Mfalme katika Baraza la Malodi, bawabu humbamizia mlango usoni. Mjumbe hugonga mara tatu, bawabu huchungulia kitunduni, ndipo humfungulia. Mwaka mmoja Bi Hester aliubamiza mpaka mjumbe akaruka nyuma. “Pole, bwana,” alimwambia baadaye, “lakini ungesogea kidogo tu, leo ungerudi nyumbani bila pua.”

Chanzo tunakijua sote. Mfalme Charles wa Kwanza aliingia humu na askari kuwakamata wabunge watano waliompinga. Akakalia kiti cha spika, akauliza wako wapi. Spika akapiga magoti, akakataa kusema. Vita vikafuata, Mfalme akakatwa kichwa, na waliovaa taji baadaye wakabanwa hadi wakakubali kwamba bila Bunge hawatungi sheria wala hawatozi kodi. Tangu siku ile hakuna mfalme aliyekanyaga ukumbi huu.

“Kwa miguu ya nyama na damu,” Bi Hester hupenda kuongeza.

Maana ya maneno hayo niliipata asubuhi ya mazoezi yangu ya kwanza. Tuliufunga mlango, na papo hapo ukagongwa, taratibu, kwa adabu. Nikanyoosha mkono kwenye komeo.

“Mkono chini, mpenzi. Umemwona nani?”

“Si mjumbe huyo?”

“Mjumbe yuko kule kwa Malodi anakula keki. Chungulia.”

Nikachungulia. Ujia ulikuwa mtupu, taa zote zinawaka. Na huku natazama, mlango ukagongwa tena.

Bi Hester akasogeza mdomo kitunduni kama anayeongea na jirani. “Leo hapana, Mtukufu Mfalme.” Tukasikia buti zikiondoka, moja ikiburutwa. “Hakasiriki kamwe,” akaniambia. “Angepiga kelele nisingeogopa. Ni huo upole wake. Ukimfungulia mara moja tu kwa kumwonea haya, amekwisha ingia.”

Wiki iliyopita aliniacha peke yangu mlangoni, akaenda kusafisha kabati lake. Mlango ukagongwa, nikasikia sauti ya Rhodri, mume wangu wa majuma sita, anayepika hapa hapa jikoni: “Kipenzi, nifungulie, chai inapoa.” Jamani, sauti ile! Mimi huamka natabasamu kwa sababu yake. Komeo lilikuwa tayari mkononi mwangu ndipo nikakumbuka: umemwona nani? Nikachungulia. Hakuna mtu. Sauti ikacheka, kicheko cha Rhodri kabisa, ikasema, “Huniamini, mke wangu?”

Sikufungua. Bi Hester alinikuta nimeketi sakafuni, akaketi nami. Ndipo akaniambia kwamba yeye, tangu afiwe na mumewe Jory, hugongewa mlango huu kwa sauti ya Jory, na huitwa jina ambalo Jory peke yake alilijua.

“Na hujawahi kufungua?”

“Mimi huchungulia kwanza,” alisema. “Halafu nikifika nyumbani nalia.”

Wabunge wamekuja na kuondoka, wamegombana na kuzomeana humo ndani, bila kujua nani alisimama mlangoni pao, wala alikuwa anamzuia nani. Kwa niaba ya mabawabu wote, na ya Rhodri aliyekuokea keki yenye umbo la komeo, asante, Bi Hester. Upumzike vizuri huko Cornwall, ulale mpaka jua lichoke kukungoja, na nyumba yako ijae watu wa kweli.

Tiketi za treni tumeshakata. Kabla Aprili haijaisha, mimi na Rhodri tutakuja kukuona. Tutagonga, nami nitakuita kwa jina. Tafadhali, chungulia kwanza.