Nerida Cuthbertson na Mbawakawa wa Miambani

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Nerida Cuthbertson anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika idara yetu ya wadudu hapa Hobart.

Aliajiriwa kuandika lebo za wadudu waliokaushwa. Haukupita mwaka akagundua kwamba kwenye nyufa za miamba inayofunikwa na bahari mara mbili kwa siku wanaishi mbawakawa wadogo kuliko punje ya mchele, na hakuna aliyejisumbua kuwapanga kwa aina zao. Akajitwika kazi hiyo. Kila maji yakipwa alikuwa pwani ya Bicheno, kifudifudi juu ya mwamba, patasi mkononi, mrija wa kunyonyea wadudu mdomoni. Siku moja alivuta kwa pupa akammeza mmoja. Daftari lake linasema: "Wamepatikana saba. Wamebaki sita."

Leo tunazijua aina kumi na moja kwa sababu yake. Zilikuwa kumi na mbili, na hapo ndipo ninapoingia mimi, Garth Woolnough, jirani yake wa meza kwa miaka ishirini.

Ile ya kumi na mbili aliipa jina langu. Mdudu mweusi, mnene, miguu mifupi. Wenzangu walidai tumefanana. Nilitamba naye mno. Mama yangu alitundika picha yake sebuleni, kando ya wajukuu.

Mwaka wa nane wa ujirani wetu Nerida alirudi kutoka Bicheno, akaja mezani kwangu hata buti hajavua.

"Garth, ndugu yangu, pole. Nimemkuta kwenye ufa na dume wa aina ile ya zamani, wamepandana. Mbawakawa wako ni mke wa mtu."

Basi hakuwa aina mpya, bali jike wa aina iliyokwisha kujulikana, na jina langu lilipaswa kufutwa. Nerida angeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiwachunguza.

"Na mama nimwambie nini?" nikamuuliza.

"Mama niachie mimi."

Akaenda kwa mama na pai ya nyama ya kombe wa baharini, akamweleza mwenyewe. Mimi nilimnunia wiki tatu.

Katika kazi yetu, lebo yenye kosa haing'olewi kwenye pini inayomshikilia mdudu. Iliyo sahihi huchomekwa chini yake. Nikiwa bado nimenuna, nilifungua droo nikatazama. Jina langu lilikuwepo, kwa mwandiko wake. Chini yake lebo mpya: "Nilikosea. N. Cuthbertson." Hasira zikaniisha palepale. Tangu siku hiyo sijawahi kutilia shaka lebo yake yoyote.

Jumatatu iliyopita nilimkuta kwenye mlango wa ofisi yetu na bisibisi, anafungua kibao chenye jina lake ili kumpisha anayekuja kushika nafasi yake. Nilimnyang'anya bisibisi.

Ahsante, Nerida, kwa kweli yako, hata iliponiuma. Tunakuombea afya, magoti imara na maji yanayochelewa kujaa. Kibao chako kinabaki. Cha anayekuja tutakipigilia chini yake.